Mwenye Heri Anuarite na Shamba la Kila Siku

Mwezi wa Desemba uingiapo, jamaa nyingi za Kibaoni, Ifakara, huwa zimekwisha kuelekeza macho yao kwenye mpunga. Mvua zinaanza katika bonde la Kilombero, na wengi huhamia mashambani mbali na mji, wakakaa katika madungu kwa muda wa kulima, kupalilia na kuamia ndege, hata mavuno yapatikane. Huko kengele ya kanisa haisikiki. Ndipo baba na mama wa Kikristo hujiuliza moyoni: Je, mtu aweza kukomaa katika imani hali jembe halimtoki mkononi, na Misa aipata mara chache tu? Siku ya kwanza ya mwezi huo huo Kanisa humkumbuka binti wa Kiafrika ambaye maisha yake yatupa jibu.

Mwenye Heri Anuarite Nengapeta alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 karibu na Wamba, kaskazini-mashariki ya Kongo. Nengapeta ndilo jina alilopewa na wazazi. Anuarite lilikuwa jina la dada yake, likaandikwa shuleni kwa kosa, naye akajulikana kwalo mpaka leo. Mama yake, Isude, alizaa mabinti sita. Baba yake, Amisi, alitaka mtoto wa kiume. Basi akamwacha mama huyo, akaoa mke mwingine. Hivyo mtoto huyu alionja mapema uchungu ambao nyumba nyingi zetu zaujua. Imani yake haikuoteshwa penye kivuli tu.

Alipokuwa msichana alitamani kuwa mtawa, lakini mama yake alikataa. Siku moja lori lilifika misioni kuwachukua wasichana waliokwenda kujiunga na Masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Anuarite akapanda pamoja nao, na mama yake hakujua. Baadaye mama alikubali. Tarehe 5 Agosti 1959, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, Anuarite aliweka nadhiri zake za kwanza, akaitwa Sista Maria Klementina.

Sasa, msomaji mpendwa, yafaa tutazame kwa makini miaka mitano iliyofuata, kwa maana ndani yake hamna jambo kubwa hata moja. Sista huyu alitunza vyombo na mavazi ya altare. Alisaidia jikoni. Alifundisha watoto wa shule ya msingi kusoma na kuandika. Wenzake walimkumbuka kuwa mtu mwenye moyo wa kutumika, aliye tayari kuzishika kazi ambazo wengine walizikwepa. Katika daftari lake alijiandikia shabaha moja tu, nayo ni kumpendeza Yesu. Shabaha hiyo aliifuata penye moshi wa jiko na penye vumbi la chaki.

Mwaka 1964 vita vya waasi walioitwa Simba vilienea katika nchi ile. Tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka, wakawapakia masista wote katika lori na kuwapeleka Isiro. Huko mkuu mmoja wa askari alimtaka Anuarite awe mke wake. Akakataa. Akatishwa, akapigwa, akakataa tena. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Kanali Olombe, kwa hasira, aliwaamuru askari wamchome kwa visu vya bunduki, kisha mwenyewe akampiga risasi. Kabla ya kufa, Anuarite alimwambia kwamba amemsamehe, kwa kuwa hakujua alitendalo. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini na mitano.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Muuaji wake alikuwa bado hai. Papa, akifuata mfano wa sista huyo, alitamka msamaha kwa ajili yake mbele ya Kanisa lote.

Wengi husimulia habari za usiku ule wa Isiro, wakaishia hapo. Lakini mkulima wa Kilombero hawezi kudanganyika. Yeye ajua kwamba suke lililojaa mwezi wa Mei lilianza kutunzwa wakati wa mvua za kwanza, na kwamba shamba lisilopaliliwa haliokolewi na siku moja ya jasho. Neno la msamaha lililotoka kinywani mwa Anuarite penye kifo halikuzaliwa dakika ile. Msichana aliyeona mama yake akiachwa, aliyezoea kutumika bila kusifiwa, alikuwa amepalilia moyo wake siku kwa siku. Saa kuu ilipofika, ilikuta mavuno.

Basi wazazi wapendwa, tusingoje saa kuu. Dungu la shambani laweza kuwa mahali pa sala, baba akiwakusanya watoto jioni wasali Rozari kabla ya kulala. Kumsamehe jirani ambaye ng'ombe wake wameingia katika mpunga ni mazoezi ya msamaha mkubwa zaidi. Kupima mchele kwa kibaba cha haki, hata mnunuzi asipotazama, ni kumpendeza Yesu. Mke na mume waliogombana asubuhi wakapatana kabla ya jua kutua, hao nao wanakomaa. Mambo haya ni madogo, wala hayaandikwi na mtu ye yote. Lakini Mwenyezi Mungu huyaona, na katika hayo huivisha watakatifu wake.

Mwenye Heri Anuarite, utuombee.