Kabla ya siasa, Jaramogi alichangisha mtaji wa kujenga

Kama wewe ni mtu wa Eldoret, barabara ya Oginga Odinga unaijua. Iko pale katikati ya mji, na huenda hata wiki hii umeipita ukikimbilia benki au ukitafuta chaja ya simu. Jina umelizoea, na ukiulizwa utasema huyo ni mwanasiasa, baba yake Raila, makamu wa kwanza wa rais. Uko sawa. Lakini kuna sehemu ya maisha yake ambayo shuleni hupitwa haraka, na ndiyo inayokuhusu zaidi leo, hasa kama wewe na marafiki zako wanne mna chama na mnaota kununua ploti ya 50 kwa 100 kule Kapsoya, mjenge bedsita mbili tatu za wanafunzi.

Ndoto yenu ni nzuri. Mji umepewa hadhi ya jiji tangu Agosti 2024, vyuo vimejaa, na keja karibu na Annex hazikosi wapangaji. Shida ni ile ile: pesa itatoka wapi? Benki inataka dhamana, na dhamana yenyewe ni taito ya ardhi. Ardhi bado hamna, ndiyo maana mnatafuta mkopo. Mnazunguka tu.

Basi keti nikusimulie mtu aliyezunguka kama wewe, miaka karibu 80 iliyopita, na hali yake ilikuwa mbaya kuliko yako.

Oginga Odinga alizaliwa karibu mwaka 1911 huko Bondo, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Siaya. Alisoma Maseno, akaenda Alliance, kisha Makerere kusomea ualimu. Kwa kijana wa Kiafrika wa wakati huo, hiyo ilikuwa njia ya dhahabu. Alirudi Maseno kufundisha, na mwaka 1943 akawa mwalimu mkuu wa shule ya mifugo iliyokuwa hapo. Alikuwa na mshahara, nyumba na heshima. Wazazi wangetaka nini tena?

Lakini kila alipotoka nje ya shule aliona jambo lililomkera. Maduka makubwa ya Kisumu hayakuwa ya Waafrika. Mwafrika alikuwa mteja, kuli au karani. Na si kwamba watu hawakuwa na pesa kabisa. Kulikuwa na wafanyakazi wa reli, askari waliorudi kutoka vitani, walimu na makarani. Kila mmoja alikuwa na kidogo chake, na hicho kidogo kiliishia mikononi mwa wengine.

Mkopo nao ulikuwa na ukuta. Sheria ya kikoloni iliweka kikomo: mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila kibali cha ofisa wa serikali, hangeweza kumdai kortini. Walisema inamlinda Mwafrika asizame kwenye madeni. Matokeo yake ni kwamba nani angethubutu kukukopesha? Ardhi ya nyumbani nayo haikuwa na taito, kwa hiyo haikufaa kuwa dhamana.

Fikiria Eldoret yenyewe wakati huo. Mji huu ulianza kama shamba nambari 64, ndiyo maana wazee wengine bado wanauita Sisibo. Standard Bank of South Africa ilifungua tawi hapa mwaka 1912, na inasimuliwa kwamba sefu ya benki ilianguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, ikawa nzito mno kuinuliwa, basi wakajenga benki kuizunguka. Ni hadithi ya kuchekesha. Lakini ardhi ya Uasin Gishu ilitengewa walowezi, na mlowezi ndiye aliyeweza kuingia pale na karatasi ya shamba akatoka na mkopo. Mwafrika aliyefagia sakafu ya benki hiyo hakuwa na karatasi kama hiyo.

Odinga aliamua kwamba kama benki haitoi, watu wenyewe watakuwa benki. Mwaka 1945 yeye na wenzake walianza na akiba ndogo ya pamoja. Baadaye kidogo akaacha kazi ya ualimu. Hebu pima hapo: mtu aliyesoma Makerere anaacha mshahara ili aende kuchangisha shilingi za watu. Mwaka 1947 kampuni ikasajiliwa kwa jina la Luo Thrift and Trading Corporation.

Jinsi alivyopata mtaji ndilo somo lenyewe. Hakukuwa na simu, hakukuwa na kundi la WhatsApp wala paybill. Alisafiri. Alikwenda walikokuwa wafanyakazi Waluo, ndani ya Kenya, Uganda na Tanganyika, akiwauzia hisa ana kwa ana. Aliyenunua hisa hakuwa na hakikisho lolote ila uso wa mwalimu huyu, jina la kampuni na karatasi aliyopewa. Sasa jiulize: ukimpa mtu mshahara wa wiki nzima naye apande gari aondoke, utalala usingizi?

Walimwamini kwa sababu walimjua, au walimjua aliyemjua. Ukabila hapo ulikuwa daraja, maana watu wa lugha moja walio mbali na nyumbani hupatana haraka. Lakini ulikuwa pia ukingo, kwani mtaji ungeweza kukua tu kadiri mfuko wa jamii moja ulivyokuwa, na mfuko huo ulikuwa mwembamba.

Hata hivyo pesa zilipatikana, na zikageuka matofali. Kampuni ilianzia Maseno kwa maduka, ikaingia kwenye hoteli na ujenzi, ikafika Kisumu mjini. Nairobi, kwa ushirikiano na Achieng Oneko, kulikuwa na kiwanda cha uchapishaji cha Ramogi Press, kilichotoa gazeti la Ramogi kwa Kijaluo. Kwa mtu aliyekuwa amenunua hisa moja, kupita mbele ya jengo na kusema moyoni kwamba tofali moja pale ni langu, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini hapa ndipo wengi tunaosimulia maisha ya mashujaa huanza kudanganya. Kampuni haikufika mbali kama ilivyotarajiwa. Ilifanya mambo mengi kwa wakati mmoja na mtaji mdogo. Pesa iliyoingia kwenye jengo au mashine hairudi haraka, na mwenye hisa anataka kuona gawio. Mwaka 1953 Ambrose Ofafa, aliyekuwa akiisimamia kampuni Nairobi na pia diwani wa jiji, aliuawa kwa kupigwa risasi. Odinga mwenyewe mwaka huo alikuwa amechaguliwa kuongoza Luo Union, na siasa ikaanza kumvuta. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 kampuni ilikuwa imepoteza nguvu.

Wale waliotoa pesa zao za jasho walipata nini? Wengine hawakupata faida waliyoitarajia. Usilifunike hilo kwa sababu mtu ana barabara yenye jina lake. Ila kitu kimoja hakikupotea: watu walikuwa wamejifunza kwamba wakichanga wanaweza kujenga. Ofafa alipokufa, Luo Union ilichangisha tena, na ukumbi wa Ofafa Memorial ukasimama Kisumu. Unasimama hadi leo.

Mengine unayajua. Aliingia Bunge la kikoloni mwaka 1957, akawa makamu wa rais mwaka 1964, akajiuzulu mwaka 1966 na kuunda chama cha KPU. Aliwekwa kizuizini mwaka 1969, akaachiliwa 1971. Akiwa mzee alipigania vyama vingi, akagombea urais mwaka 1992 na kushindwa. Alifariki tarehe 20 Januari 1994. Alipokwenda kwenye majukwaa ya siasa, alikuta watu wanaomjua tayari. Wengi walimfahamu kwanza kama yule mwalimu wa hisa.

Sasa turudi kwa chama chenu cha watu watano. Leo hakuna sheria ya shilingi 200. Kuna Sacco, kuna benki, kuna mikopo ya simu ambayo tafadhali usiijengee nyumba, maana riba yake itakula msingi kabla ya ukuta. Kilichomfanikisha Odinga ndicho mnachohitaji, na kilichomwangusha ndicho mnachopaswa kukwepa. Alianza na akiba, ndipo akatafuta mradi. Alisajili kampuni. Alikwenda mwenyewe kwa watu wake. Halafu akatawanya mtaji, na wenye hisa wakangoja mno.

Kwa hiyo jengeni keja moja iishe na ipate mpangaji kabla ya kufikiria ploti ya pili. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, ni lini mtu ataanza kuona pesa yake na nini kitatokea akitaka kujitoa. Na kabla ya mchango wa mwezi ujao, mwombeni mweka hazina karatasi tatu: orodha ya kila mtu na alichotoa, cheti cha usajili wa chama, na majibu ya upekuzi wa ile ploti kutoka ofisi ya ardhi.

Akisema muamini tu, basi bado hamjawa tayari kununua. Walionunua hisa za Jaramogi waliamini, lakini walipewa karatasi pia.