Rudolf Virchow

Rudolf Ludwig Karl Virchow (Schivelbein, 13 Oktoba 1821 – Berlin, 5 Septemba 1902) alikuwa daktari, mwanaanthropolojia na mwanasiasa wa Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kufundisha kwamba ugonjwa huanzia katika seli za mwili, lakini kwa miaka zaidi ya 40 alikuwa pia mwakilishi wa kuchaguliwa.

Ripoti ya Silesia

Mwanzoni mwa 1848 serikali ya Prussia ilimtuma Silesia ya Juu kuchunguza mlipuko wa tifusi kati ya maskini waliosema Kipolandi. Ripoti yake haikuishia kwenye dawa. Ilitaja njaa, ukosefu wa elimu na utawala usiowajali wananchi, ikapendekeza demokrasia kamili, shule kwa lugha ya wenyeji na kodi isiyowaelemea maskini. Mwezi Machi alishiriki mapinduzi ya Berlin. Serikali ilimwadhibu, na mwaka 1849 alihamia Würzburg. Alirudi Berlin mwaka 1856.

Siasa

Kuanzia 1859 hadi kufa kwake alikuwa diwani wa Berlin. Huko alitetea mfumo wa majitaka uliobuniwa na mhandisi James Hobrecht, ambao ujenzi wake ulianza 1873. Bungeni alimpinga Bismarck, ambaye mwaka 1865 alimtaka wapigane kwa silaha, pambano halikufanyika.

Mjadala wa München

Mwaka 1877 Ernst Haeckel alitaka nadharia ya mageuko ya spishi iwe msingi wa mafundisho shuleni. Virchow alikataa. Kwake, mtafiti ana uhuru wa kukisia chochote, ila mwananchi afundishwe kama ukweli yale tu yaliyothibitishwa. Vinginevyo imani ya watu kwa sayansi itapotea dhana hizo zikianguka. Haeckel alimjibu kwa kitabu mwaka 1878, akiona kanuni hiyo inabana uhuru wa kufundisha.

Virchow mwenyewe hakuwa salama na kosa hilo. Alishikilia kwamba mifupa ya Neanderthal iliyopatikana 1856 ilikuwa ya mtu wa kawaida aliyeugua, na alipinga maelezo ya Semmelweis kuhusu homa ya uzazi. Kwa sababu ya heshima yake, wengi walimfuata.

Uchunguzi wa wanafunzi

Aliongoza uchunguzi wa rangi ya nywele, macho na ngozi za watoto wa shule milioni 6.7 hivi. Matokeo kamili, yaliyotolewa 1886, yalipinga dai la kuwepo kwa mbari safi ya Kijerumani. Dai hilo liliendelea kuaminiwa.

Januari 1902 alivunjika mfupa wa paja aliposhuka kwenye tramu, akafariki miezi minane baadaye.