Dakta Burkitt na watoto waliovimba taya

Mtoto akivimba shavu wengi wetu husema ni jino. Mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara. Daktari aliyetufumbua macho kuhusu jambo hili ni Denis Burkitt, ambaye mwenyewe alikuwa na jicho moja tu.

Alizaliwa mwaka 1911 karibu na Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, jicho likaharibika. Alisomea udaktari Dublin. Alipoomba kazi katika makoloni ya Uingereza, alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita Kuu ya Pili ikamleta Kenya akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akaanza kazi ya upasuaji Lira, Uganda. Baadaye akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa miaka 5. Taya zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto, na meno yamelegea. Burkitt hakuelewa. Jipu la jino kwa kawaida hukaa upande mmoja, na saratani haianzi mahali 4 kwa pamoja. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo. Alipompapasa tumbo, akakuta na humo kuna uvimbe.

Akarudi Mulago kufukua mafaili. Akaona kwamba watoto wengi waliovimba taya walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini au ovari. Kabla ya hapo kila uvimbe ulipewa jina kufuatana na kiungo ulipoonekana. Burkitt alisema ni ugonjwa mmoja, akaandika hivyo mwaka 1958. Wataalamu wa maabara walipochunguza vipande vya nyama kwa hadubini, walibaini kuwa ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili.

Lakini kwa nini watoto wa huku? Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, karibu kilomita 16,000, wakiulizia hospitali baada ya hospitali. Waligundua kuwa ugonjwa huo hauonekani sana kwenye nyanda za juu zenye baridi wala kwenye maeneo makavu. Ulifuata joto na mvua, yaani maeneo yale yale ya malaria. Mwaka 1964, wanasayansi London walikuta kirusi kipya katika vipande vilivyotumwa kwa ndege kutoka Uganda. Leo inafahamika kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria ya mara kwa mara, huchangia ugonjwa huu. Saratani yenyewe haiambukizi.

Kisu hakikusaidia sana. Burkitt akajaribu dawa za saratani, na uvimbe wa baadhi ya watoto ukayeyuka kwa siku chache. Wengine walipona kabisa. Aliondoka Uganda mwaka 1966 na akafariki mwaka 1993. Ugonjwa huo sasa unaitwa limfoma ya Burkitt.

Kwa mzazi, la kushika ni hili. Mtoto akivimba taya, meno yakalegea kabla ya umri wa kung'oka, na uvimbe usisikie dawa, usiishie kung'oa jino. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili tatu. Mpeleke hospitali kubwa, aangaliwe na tumbo pia, na kipande cha uvimbe kipimwe maabara. Ni miongoni mwa saratani za watoto zinazotibika vizuri zikiwahiwa.