Beryl Markham: Mkufunzi wa farasi aliyevuka Atlantiki kwa ndege ya mlowezi wa Nyeri

NDEGE ndogo zinazotua katika uwanja wa Mweiga, zikiwaleta watalii wanaokwenda Mbuga ya Aberdare, hazimshangazi tena mkazi wa eneo hilo. Lakini uhusiano wa Nyeri na ndege ni wa zamani kuliko utalii wenyewe. Katika shamba la Seremai, karibu na mji wa Nyeri, aliishi John Carberry, mlowezi aliyekuwa rubani tangu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Ndege aliyoiagiza Carberry ndiyo iliyolipeleka jina la mwanamke mmoja wa Kenya kote duniani mnamo 1936.

Mwanamke huyo, Beryl Markham, hakuzaliwa akiwa na hamu ya kuruka. Alizaliwa Oktoba 26, 1902, nchini Uingereza, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo baada ya babake, Charles Clutterbuck, kuanzisha shamba na zizi la farasi huko Njoro. Mamake alirejea Uingereza mwaka wa 1906 na kumwacha. Malezi aliyoyapata yalikuwa ya babake, ya farasi, na ya jamii za Wakalenjin walioishi na kufanya kazi shambani. Alizungumza Kiswahili, akaenda porini kuwinda pamoja na wavulana, na miongoni mwao alikuwamo Kibii, mwana wa arap Maina aliyeuawa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kibii huyo ndiye aliyekuja kujulikana kama arap Ruta, na alimwandama Beryl kwa miaka mingi.

Ukame na madeni vilipomfilisi babake, mzee huyo alielekea Peru kutafuta maisha mapya. Beryl alibaki. Akiwa na umri wa miaka 18 hivi alipata leseni ya ukufunzi wa farasi wa mashindano, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mwanamke nchini, na mwaka wa 1926 farasi wake Wise Child akashinda mbio za St Leger jijini Nairobi. Kufikia hapo, tayari alikuwa na kazi ya kumtosha mtu maisha yake yote.

Mambo ya nyumbani hayakwenda vizuri hivyo. Ndoa yake ya kwanza na Jock Purves, aliyofunga akiwa na miaka 16 tu, ilivunjika. Mwaka wa 1927 aliolewa na Mansfield Markham, na mnamo 1929 akajifungua mwana wao, Gervase. Ndoa hiyo nayo ilitikisika, hasa kutokana na uhusiano wake na Prince Henry, mwana wa Mfalme George wa Tano. Beryl alirejea Kenya, mtoto akaachwa Uingereza kulelewa na nyanyake. Wengi walioandika kumhusu wamelipita jambo hili haraka. Hata hivyo, huwezi kuzungumzia uhuru alioupata angani bila kukumbuka mtoto aliyebaki upande wa pili wa bahari.

Mwaka wa 1931, akiwa na miaka 28, alianza kujifunza urubani. Huo si uzee, lakini si umri wa mwanafunzi pia. Alikuwa ameolewa mara mbili, alikuwa mzazi, na alikuwa na jina katika fani nyingine. Mwalimu wake alikuwa Tom Campbell Black wa kampuni ya Wilson Airways, aliyemfunza kwa ndege aina ya Gipsy Moth jijini Nairobi. Redio hazikuwamo katika ndege hizo. Rubani alitegemea dira, ramani isiyo kamili na macho yake. Injini ikizima juu ya nyika, alitafuta mahali pa kutua, na akitua salama, alianza kufikiria maji na simba.

Hatari yenyewe ilikuwa ikijulikana na kila mtu. Machi 1928, Maia, mkewe Carberry, aliyekuwa rubani stadi, alikufa jijini Nairobi pamoja na mwanafunzi wake ndege yao ilipoanguka. Kisha, Mei 14, 1931, ikawa zamu ya Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri aliyekuwa amenunua Gipsy Moth yake akiwa ameshapita umri wa miaka 40. Ndege hiyo ilianguka na kuteketea punde tu baada ya kupaa Voi, ikamuua yeye na mtumishi wake, Kamau. Kwa mujibu wa kitabu cha Beryl mwenyewe, alikuwa amealikwa katika safari hiyo, na ni Campbell Black aliyemsihi asiende.

Mwingine angeacha masomo. Beryl alipata leseni yake ya kwanza mwaka huo huo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumiliki ndege. Alichagua Avro Avian iliyosajiliwa kama VP-KAN, ndege ya watu wawili yenye mabawa ya juu na ya chini, viti vilivyo wazi kwa upepo, na mabawa yanayoweza kukunjwa nyuma ili iingie katika banda dogo. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama kilomita 140 kwa saa, ambao leo unafikiwa na matatu yoyote yenye haraka. Aprili 1932 aliirusha peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza, kupitia Sudan na Misri. Rubani mwenye uzoefu wa mwaka mmoja tu kufanya hivyo kulikuwa ni ujasiri uliokaribia utovu wa busara.

Mwaka wa 1933 alipata leseni ya kuruka kwa malipo. Mtihani wake haukuwa wa kuketi kwenye usukani pekee, kwani mtahiniwa alitakiwa pia kuifahamu injini na kuishughulikia kwa mikono yake. Kuanzia hapo ndege ikawa chombo cha kumlisha. Alipeleka barua na mizigo kwenye machimbo ya dhahabu ya Kakamega, akabeba abiria na wagonjwa, na akatafuta makundi ya ndovu kutoka angani kwa niaba ya wawindaji kama Bror Blixen. Kazi hii ya mwisho ndiyo Finch Hatton aliyokuwa ameanza kuifanya kabla ya kufa. Arap Ruta, aliyekuwa akitunza farasi, sasa alitunza ndege. Alikuwa na akili na subira ya kuweza kujifunza lolote alilojifunza bibi huyo, ila zilikuwa enzi ambazo ubaguzi wa rangi haukumwachia Mwafrika nafasi katika kiti cha rubani.

Ndipo likaja suala la Atlantiki. Kuvuka bahari hiyo kutoka Ulaya kwenda Amerika ni kugumu kuliko kutoka Amerika kuja Ulaya, kwa sababu rubani hukabiliana na upepo wa magharibi njia nzima na kuteketeza mafuta mengi. Kufikia 1936 hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka peke yake kutoka Uingereza kuelekea huko bila kutua. Avian haingeweza safari hiyo, na Beryl hakuwa na fedha za kununua ndege iliyoiweza.

Carberry alikuwa nayo. Alikuwa ameagiza ndege mpya aina ya Percival Vega Gull, ikiwa na injini ya nguvu za farasi 200, kwa ajili ya mashindano ya kuruka kutoka Portsmouth hadi Johannesburg mwishoni mwa Septemba. Alikubali kumwazima Beryl kwa sharti kwamba irudi kwa wakati. Mlowezi huyo wa Seremai hakuwa mtu wa huruma, na kuna walioliona tendo hilo kama kumtupia mtu changamoto ya kifo badala ya kumpa zawadi.

Matangi ya ziada ya mafuta yaliwekwa ndani ya ndege, penye viti vya abiria. Redio haikubebwa. Jioni ya Septemba 4, 1936, Beryl alipaa kutoka kiwanja cha jeshi cha Abingdon, akaingia gizani na mvuani. Baada ya saa zaidi ya 20, barafu iliziba tundu za hewa za tangi la mwisho, injini ikakosa mafuta wakati nchi kavu ilikuwa tayari inaonekana. Ndege iliangukia kinamasi huko Baleine, Nova Scotia, nchini Canada, ikadunga pua matopeni. Beryl alitoka na jeraha kwenye paji la uso. New York, alikokuwa akienda, ilimpokea kwa shangwe hata hivyo.

Shangwe hiyo haikudumu. Septemba 19, wiki mbili baadaye, Campbell Black aliuawa uwanjani Speke, Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga yake ikiwa bado ardhini. Alikuwa akijiandaa kwa mashindano yale yale ya Johannesburg.

Beryl aliishi Marekani kwa miaka kadhaa na mwaka wa 1942 akachapisha kitabu cha kumbukumbu, West with the Night, ambacho kilisahaulika upesi. Hadi leo wapo wanaodai kuwa mumewe wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa na mkono mkubwa katika uandishi wake.

Aliporejea Kenya karibu na mwaka wa 1950, hakurudia urubani. Aliishi chini ya Mlima Kenya, upande wa Nanyuki na Naro Moru, na huko, akiwa amekaribia miaka 60, akaanza tena kufunza farasi. Wanafunzi wake hao wenye miguu minne walimletea ushindi wa Kenya Derby zaidi ya mara moja. Kitabu chake kilichapishwa upya mwaka wa 1983, na mapato yake yakamfaa katika nyumba ndogo aliyoishi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Alifariki jijini Nairobi Agosti 3, 1986, akiwa na miaka 83, ukibaki mwezi mmoja safari yake ya Atlantiki itimize miaka 50.