John Kirk na Mwaka 1873: Mkataba Uliofunga Soko la Watumwa

Sisi wa Makunduchi na kusini yote ya Unguja tunamfahamu kima punju wa msitu wa Jozani. Jina lake la kitaalamu linatokana na John Kirk, daktari Mskoti, ambaye mwaka 1873 alishiriki katika tukio kubwa la visiwa hivi.

Kirk alizaliwa mwaka 1832 huko Barry, Uskoti, akiwa mtoto wa mchungaji. Alisomea udaktari Edinburgh. Kuanzia mwaka 1858 alifuatana na Mskoti mwenzake, David Livingstone, katika safari ya mto Zambezi, na huko akajionea ukatili wa biashara ya watumwa. Mwaka 1866 alikuja Unguja, na baadaye akawa mwakilishi mkuu wa Uingereza.

Mwanzoni mwa mwaka 1873 mjumbe Bartle Frere alimtaka Sultani Barghash aipige marufuku biashara hiyo, naye Sultani akakataa. Kazi ikabaki kwa Kirk. Kwa tishio la manowari kukizingira kisiwa, Sultani alitia saini mkataba tarehe 5 Juni. Kuwasafirisha watumwa baharini kukakatazwa, na soko la Mkunazini likafungwa. Livingstone hakuyasikia hayo, kwani alikwisha fariki mwezi Mei katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, ukapokelewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu mwezi Februari 1874.

Mapadre hao walikuwa wamefika Unguja mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868. Waliwapokea watoto waliokombolewa utumwani, wakawapa elimu, ufundi na makazi. Hapo pana fundisho. Mkataba ulifunga soko, lakini haukuwaweka huru waliotumikishwa katika mashamba ya mikarafuu. Hao walingoja hadi mwaka 1897 ndipo sheria ikaacha kuutambua utumwa Unguja. Sheria huzuia dhuluma, lakini aliyedhulumiwa anahitaji pia mtu wa kumpokea.

Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886, akafariki Uingereza tarehe 15 Januari 1922. Tunapoyakumbuka maisha yake, tuziangalie nyumba zetu. Je, binti anayetupikia na kutulelea watoto hulipwa ujira wake kwa wakati? Hupata siku ya kupumzika na kusali? Tusipoweza kujibu ndiyo, basi kazi ya mwaka 1873 bado haijaisha mikononi mwetu.