Abdur-Rahman As-Sufi na Kijiwingu Kisichopeperuka

Wavuvi wa Bodo hawana haja ya kufundishwa Kilimia wala Suheli. Baba zao walizijua, nao wakazirithi pamoja na ngalawa na nyavu. Lakini kiko kitu kingine mbinguni ambacho wengi wetu twakipita bila ya kukitazama. Katikati ya mwezi wa Novemba, usiku usio na mbalamwezi, mtu akitoka mwendo wa saa tatu akaelekea kaskazini, ataona, karibu nusu ya njia baina ya upeo wa macho na utosi wa mbingu, kijiwingu kidogo chenye nuru hafifu. Mawingu mengine huchukuliwa na upepo. Hiki hakipeperuki, bali huenda pamoja na nyota.

Mtu ambaye maandishi yake juu ya kijiwingu hiki ndiyo ya mwanzo kutufikia alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu. Tumependa kuwaeleza ndugu zetu maisha yake kwa ufupi, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo yatupasayo.

Jina lake ni Abul-Husain Abdur-Rahman bin Umar As-Sufi. Alizaliwa mwaka 291 wa Hijra (903) katika mji wa Rayy, karibu na ulipo mji wa Tehran leo. Alimtumikia Adud ad-Dawla, mtawala wa ukoo wa Buwaihi aliyekaa Shiraz. Imepokewa kwamba mtawala huyo alikuwa akijifakhari kwa waalimu wake, na katika elimu ya nyota zisizohama alimtaja As-Sufi kuwa ndiye mwalimu wake.

Wakati huo watu waliojidai kuzijua nyota walikuwa wengi, na As-Sufi aliwaona kuwa ni mafungu mawili. Fungu moja lilitegemea tufe zilizochorwa nyota na mafundi ambao wenyewe hawakuzijua nyota. Fungu la pili lilishika yaliyosemwa na Waarabu wa kale juu ya majira na mvua, likayanakili vitabuni bila ya kuyapima. Mafungu yote mawili yalikuwa na elimu ya karatasi. Ukimtoa mmoja wao nje usiku ukamwuliza nyota fulani iko wapi, pengine angebabaika.

Kwa hivyo, mnamo mwaka 353 wa Hijra (964), As-Sufi akatunga kitabu chake cha sura za nyota. Aliyachukua makundi 48 yaliyotajwa na Batlimus, yule bingwa wa Kiyunani, akayapitia nyota kwa nyota. Kila nyota aliitazama kwa jicho lake akaandika ukubwa wa mwanga wake, na alipomwona Batlimus amekosea alisema wazi. Kila kundi alilichora mara mbili: kama lionekanavyo mbinguni, na kama lionekanavyo juu ya tufe. Ama mahali pa nyota, hesabu nyingi alizichukua kwa Batlimus, akaziongeza kadiri alivyoona nyota zimesogea kwa kupita karne. Hakumtupa mwalimu aliyemtangulia, wala hakumfuata akiwa amefumba macho.

Alipofika kwenye kundi la Mwanamke wa Minyororo, alieleza kwamba Waarabu waliona hapo sura ya samaki mkubwa, na mdomoni mwa samaki huyo pana doa kama wingu. Hakujua ni kitu gani, wala katika zama zake hapakuwa na darubini. Hata hivyo hakuliacha kwa sababu ya uhafifu wake, wala hakulitungia hadithi. Aliandika alichokiona, akaishia hapo. Alifariki Shiraz mwaka 376 wa Hijra (986).

Kitabu chake kilinakiliwa karne kwa karne. Ulugh Beg, mtawala mwanachuoni wa Samarkand, alikitumia katika karne ya 15. Lakini yatupasa tuseme kweli: wako wanakili waliotilia bidii rangi na mapambo ya zile sura kuliko usahihi wa nyota zenyewe. Kitabu kilichotungwa kuwatoa watu nje watazame, kwa baadhi yao kikageuka pambo la nyumbani.

Na lile doa je? Mwaka 1612 Simon Marius, Mjerumani, alilitazama kwa darubini. Mwaka 1888 Isaac Roberts, mtu wa Wales aliyekuwa mjenzi kwa kazi yake, alilipiga picha kwa darubini yake mwenyewe. Jicho hupokea nuru na kuiacha papo hapo. Bamba la picha huikusanya, kama mtungi ukingao maji ya mvua tone kwa tone. Kwa kuwa ardhi inazunguka, darubini nayo lazima igeuzwe taratibu kuifuata nyota, ama sivyo picha huwa michirizi. Roberts alistahimili saa kadhaa katika baridi ya Desemba, na picha ikaonyesha mizunguko kama ya kome. Mwaka 1923 Edwin Hubble, huko Marekani, aligundua katika picha zake nyota iliyomwezesha kuupima umbali. Ikabainika kuwa doa lile ni galaksi, yaani jamii kubwa mno ya nyota, iliyo mbali na hii yetu. Nuru yake husafiri kama miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia.

Leo mtu mwenye darubini ndogo na kamera aweza kuipiga picha uani kwake, akaunganisha picha nyingi mpaka yale yaliyofichika yakatokeza. Hapana shaka kazi hii yataka fedha kidogo na subira nyingi.

Twajifakhari sana kwa watu kama As-Sufi, na fahari hiyo ni haki. Lakini fahari ya mrithi asiyelima shamba aliloachiwa haidumu. Yeye hakutuachia jina lake tulitaje barazani tu. Alituachia desturi ya kutoka nje na kuhakikisha. Basi mzazi wa Bodo, wa Msambweni au wa Mombasa na amtoe mwanawe nje usiku mmoja wa Novemba, mbali na taa, amwonyeshe kijiwingu kile. Na mtoto akiuliza swali ambalo baba hana jawabu lake, asimkemee. Na watafute pamoja.