William Farr, karani aliyevipa vifo majina

 

Safari hii zamu ya kuandika maisha ya mtu maarufu imeniangukia mimi. Nimemchagua Mwingereza aliyefariki mwaka 1883, na najua baadhi yenu mtaguna: kwani wetu wameisha? Hawajaisha. Sababu yangu ni simu.

Wengi wetu huku ugenini tumewahi kupata simu ya namna ile, inayoita usiku wa manane na moyo unajua kabla mkono haujapokea. Binamu yangu alikuwa amegongwa akiwa kwenye pikipiki. Hakuvunjika mfupa, hakuwa na kidonda cha kutisha. Aliongea na watu, akaomba maji, akasema tumbo linamuuma. Alfajiri akafariki. Nilipouliza kilichomuua, kila ndugu alinijibu maneno yale yale: aliumia kwa ndani. Kwenye karatasi napo paliandikwa ajali, basi. Mie nasoma mambo ya afya ya jamii, na swali likanikaa kooni: ndani wapi? Ini? Bandama? Mapafu? Kichwa? Hakuna aliyejua, na sasa hatutajua.

Ndipo nikamkumbuka William Farr, kwa sababu swali hilo ndilo lililokula maisha yake yote.

Farr alizaliwa tarehe 30 Novemba 1807 katika kijiji cha Kenley, mkoa wa Shropshire, magharibi mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa maskini. Bahati yake ilikuwa mzee mmoja mwenye mali, Joseph Pryce, aliyemchukua akamlea na kumsomesha. Kwetu jambo hili halihitaji maelezo; wangapi kati yetu tumefika hapa kwa mkono wa mjomba, shangazi au jirani? Pryce alipofariki mwaka 1828 alimwachia kijana pauni 500, na Farr akazitumia kwa kusoma. Mwaka 1829 akaenda Paris.

Paris ya wakati ule ndiyo ilikuwa Makka ya waganga. Huko alikuwepo daktari Pierre Louis, ambaye alishikilia kwamba haitoshi daktari kusema dawa fulani inafaa. Hesabu wagonjwa, alisisitiza, hesabu waliopona na waliokufa, kisha tuongee. Farr alilibeba somo hilo mpaka kaburini.

Aliporudi London alisoma Chuo Kikuu cha University College, na mwaka 1832 akapata leseni ya chama cha wauza dawa. Hiyo ndiyo sifa pekee ya udaktari aliyoipata kwa mtihani. Hakuwa daktari bingwa, hakutoka ukoo mkubwa, na wagonjwa hawakupanga foleni mlangoni kwake. Alioa mwaka 1833, na mwaka 1837 mkewe akafariki kwa kifua kikuu. Akabaki mjane kabla hajatimiza miaka 30. Riziki yake ilitokana zaidi na kalamu: alikuwa akiandika makala juu ya takwimu za uhai na vifo.

Kalamu hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Julai 1837 serikali ilianza kusajili kila kizazi na kila kifo katika Uingereza na Wales, na ofisi mpya ya usajili ikahitaji mtu wa kuzipanga zile karatasi. Farr akaingia hapo kama mtayarishaji wa muhtasari. Kwa cheo alikuwa karani tu. Alikaa ofisini humo miaka 40 hivi.

Hebu fikiria alichokikuta mezani. Karatasi kwa maelfu kutoka kila wilaya, kila moja na sababu ya kifo kama alivyoiona mwandikaji. Mmoja kaandika homa. Mwingine kaandika uvimbe. Mwingine uzee, mwingine kuharibika kwa tumbo, mwingine kifo cha ghafla, kana kwamba ghafla ni ugonjwa. Ugonjwa mmoja ulikuwa na majina manne, na jina moja lilikuwa la magonjwa manne. Ukitaka kujua watu wangapi wameuawa na kitu fulani, utahesabu nini?

Katika ripoti ya kwanza ya ofisi hiyo, mwaka 1839, Farr aliliweka wazi jambo hili. Alisema kwamba sayansi ya vifo inahitaji istilahi moja kama vile sayansi nyingine zinavyohitaji vipimo vya uzito na urefu, na kwamba kuichelewesha ni kosa. Akaanza kutengeneza orodha yake mwenyewe, na mwaka 1845 ofisi ikawagawia madaktari vitabu vya fomu zilizochapishwa ili wajaze sababu ya kifo kwa mtindo mmoja.

Msidhani ilikuwa kazi ya kupanga karatasi tu. Jina la kifo lina siasa zake. Katika ripoti ile ile ya kwanza Farr aliwaorodhesha watu 63 kuwa wamekufa kwa njaa. Kigogo wa sheria za maskini, Edwin Chadwick, akaja juu. Nchi tajiri kama Uingereza, mtu afe kwa njaa? Chadwick alitaka vifo vile vihesabiwe chini ya magonjwa. Farr hakukubali. Aliona kwamba mtu akidhoofishwa na njaa mpaka homa ikamwondoa, ukiandika homa peke yake umemficha muuaji. Karani yule alibishana na mkubwa, na hakurudi nyuma.

Lakini naye alikosea, tena vibaya. Kipindupindu kilipoipiga nchi mwaka 1848 na 1849, Farr aliamini kama wengi wa zama zake kwamba ugonjwa unatokana na hewa chafu. Takwimu zake zilionyesha kwamba waliokaa mabondeni, karibu na mto Thames, walikufa zaidi ya waliokaa mlimani, akaona hewa ya bondeni ndiyo sababu. John Snow alisema ni maji. Farr hakushawishika upesi, ila hakumnyima Snow takwimu. Mwaka 1854 aliagiza wasajili wa kusini mwa London waandike, kwa kila aliyekufa kwa kipindupindu, nyumba yake ilipata maji kutoka kampuni gani. Ugonjwa uliporudi mwaka 1866, Snow alikuwa ameshafariki miaka 8 nyuma. Farr alizifuata namba mwenyewe hadi kwenye maji ya kampuni moja ya mashariki mwa London, akakiri kwamba Snow alikuwa sahihi. Ni wasomi wangapi mnawajua wanaoweza kukiri hivyo hadharani, baada ya kitabu chao kuchapishwa?

Sasa turudi kwenye majeraha, maana ndiyo yaliyonileta.

Mwaka 1853 wanatakwimu wa mataifa walikutana Brussels, wakawapa kazi watu wawili, Farr na daktari Marc d'Espine wa Geneva: tengenezeni orodha moja ya sababu za vifo itakayotumika na nchi zote. Mwaka 1855, mjini Paris, kila mmoja akaja na orodha yake. D'Espine aliyapanga magonjwa kwa asili yake. Farr aliyagawa mafungu matano: ya mlipuko, ya mwili mzima, ya mahali maalumu mwilini, ya ukuaji, na la mwisho, vifo vitokanavyo na dhara la nguvu. Wakubwa wakafanya kama wafanyavyo wakubwa, wakachanganya zote mbili, ikatoka orodha yenye vipengele 139 ambayo haikumridhisha mtu. Mwaka 1864 ikabidi irekebishwe, na safari hii ilifuata mtindo wa Farr.

Tazama fungu la tatu na la tano, kwani hapo ndipo penye akili yake na penye pengo lake. Magonjwa ya mahali maalumu aliyapanga kwa kiungo: ubongo, moyo, mapafu, tumbo, figo. Vifo vya nguvu aliviweka peke yake, akauliza kwanza kilichotokea: je, ni ajali, vita, kuuawa, kujiua, au kunyongwa na serikali? Zama zile zilikuwa za reli, viwanda na migodi ya makaa, na watu walipondwa kila siku. Kwa mpangilio huo serikali iliweza kuona ni kazi gani inaua na ni wapi. Hiyo ilikuwa faida kubwa. Ila mchimbaji aliyeangukiwa na mwamba akapasuka ini, na mwenzake aliyepasuka pafu, wote waliishia kwenye safu moja. Daftari lilijua kilichowapiga. Halikujua kilichopasuka.

Pengo hilo lilizibwa na warithi wake. Mwaka 1893, mjini Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon alileta orodha iliyojengwa juu ya kanuni ya Farr ya kutenganisha magonjwa ya mwili mzima na yale ya kiungo. Orodha hiyo ikawa Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ICD kwa kifupi. Shirika la Afya Duniani liliichukua mwaka 1948 na kutoa toleo la 6, ambalo liliruhusu jeraha moja liandikwe mara mbili: mara moja kwa kilicholisababisha, mara ya pili kwa namna na mahali pake mwilini.

Wenzangu mnaosoma udaktari mnazifahamu namba za toleo la 10. Ajali ya pikipiki ina namba yake katika herufi V. Kisha mwili wenyewe uko katika herufi S. S06 ni majeraha ya ndani ya fuvu, S26 ni moyo, S27 ni mapafu na viungo vingine vya kifuani, S36 ni viungo vya tumboni, S37 ni figo, kibofu na vya nyonga. Ndani ya S36, nukta sifuri ni bandama, ambayo wengine huiita wengu, na nukta moja ni ini na kifuko cha nyongo. Mtu anaweza hata kuongeza tarakimu ya kuonyesha kama kuna tundu la nje linaloingia mpaka ndani au ngozi iko nzima. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022, lakini swali ni lile lile.

Kuna namba moja inayonisumbua. S36.9 maana yake ni kiungo cha tumboni kisichotajwa. Yaani, kwa lugha ya kitaalamu kabisa, aliumia kwa ndani.

Mtu asiseme ni majina tu. Bandama ikipasuka, damu humwagikia tumboni polepole huku mtu akiongea na kuomba maji. Anahitaji kuangaliwa saa baada ya saa, damu ya kuongezewa, na pengine kisu. Hewa ikiingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, anahitaji mpira wa kuitoa, tena upesi. Damu ikivilia ndani ya fuvu, hiyo ni safari nyingine kabisa. Kila jina linaita mkono tofauti. Na wilaya ikijua kwamba majeruhi wake wa pikipiki wengi wanakufa kwa kuvuja damu tumboni, itajua inunue nini: damu na mashine ya kupigia picha ya tumbo. Ikijua ajali tu, itanunua bango la barabarani.

Nyumbani kazi ya Farr haijaisha. Wengi bado wanafia majumbani bila daktari. Mradi wa AMMP, uliofanya kazi Dar es Salaam, Hai na Morogoro kuanzia mwaka 1992 hadi 2004, uliwatuma watu kwenda kuwahoji wafiwa ili sababu ya kifo ijulikane. Ni njia nzuri, na imetusaidia sana kwa magonjwa. Lakini mfiwa anaweza kukueleza gari lilikuja kutoka wapi. Hawezi kukueleza kuhusu bandama.

Farr mwenyewe hakulipwa alivyostahili. Mwaka 1879 kiti cha Msajili Mkuu kilipobaki wazi, kila mtu alijua nani ameijenga ile ofisi. Kiti akapewa bwana mwingine mwenye jina la ukoo. Farr, mtoto wa maskini wa Kenley, akajiuzulu. Alifariki tarehe 14 Aprili 1883, akiwa na miaka 75. Msajili Mkuu yule leo hakumbukwi na wengi.

Kiswahili kina majina yote: ini, figo, kongosho, bandama, pafu, utumbo. Mababu walichinja mbuzi, walijua kila kitu kinakaa wapi. Hatuna kisingizio cha lugha. Basi wewe utakayerudi ukavaa koti jeupe, au ukakaa kwenye dawati la usajili wilayani, siku ukiletewa karatasi iliyoandikwa ajali, tafadhali usiigonge muhuri kwanza. Inua kichwa uulize: ndani wapi?

Tuonane toleo lijalo, inshallah.